Wanafunzi wanataka hejifandi, nianzie wapi?

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa Biashara kwa sekondari moja huku Eastlands na nasimamia klabu ya uwekezaji. Hawa watoto wameona video za hejifandi kwa simu, sasa kila wiki ni hiyo tu, tena wanauliza wazungu wanaleta pesa aje kwa masoko yanayoinukia, yaani nchi ambazo uchumi wao bado unakua. Hiyo kitu chuoni hatukufundishwa. Nianzie wapi? (Mwalimu, Nairobi)

JIBU: Mwalimu, hejifandi ni mfuko wa pesa za matajiri ambao meneja anauwekeza kwa mbinu za hatari, hata kwa kukopa. Lakini anza na hapa nyumbani, New York itakuja baadaye. Februari 2024 Benki Kuu ilitafuta Sh70 bilioni kwa bondi ya miundombinu, yaani serikali inakopa kwa watu na kuwalipa riba, hii ikiwa riba 18.46% na haikatwi ushuru, ikaletewa maombi ya zaidi ya Sh280 bilioni, na wageni walikuwa ndani pia. Waulize watoto kwa nini, na usiwape jibu haraka.

Alafu wape hesabu. Chukulia mgeni amebadilisha dola 1,000 wakati dola ni Sh160, akaweka kwa hiyo riba, baada ya mwaka ako na kama Sh189,500, na saa hiyo dola imeshuka mpaka Sh129, basi anaondoka na karibu dola 1,469. Sasa geuza. Mwingine aliingia mwanzo wa 2023 dola ikiwa kama Sh123, tuseme riba ni 14%, mwaka ukiisha ako na Sh140,220 lakini dola imepanda hadi Sh156, anatoka na dola 899 hivi. Kwa shilingi amepata, kwa dola amepoteza! Kaeni hapo hata vipindi viwili, manake kwa nchi kama yetu bei ya shilingi inaweza kukula faida yote, na hizo video haziguzii hiyo maneno. Waambie pia MSCI, kampuni inayopanga masoko ya hisa ya dunia kwa makundi, haituweki hata na masoko yanayoinukia kama India na Brazil, iko na kundi la chini yake, frontia, na huko ndiko Kenya iko.

Hejifandi yenyewe ilianza Marekani 1949 na Alfred Winslow Jones. Alinunua hisa alizoamini zitapanda, na zile alizoona zitaanguka aliziazima akaziuza, yaani unaazima hisa unauza Sh30, ikishuka Sh20 unainunua unamrudishia mwenyewe, Sh10 ni yako ukitoa gharama. Lakini ikipanda Sh60 umepoteza Sh30, na kupanda hakuna mwisho. Jones alichukua 20% ya faida, baadaye mameneja wengi wakaongeza 2% ya pesa yote kila mwaka, iwe umepata ama umepoteza. Wanaoingia ni matajiri na mifuko ya pensheni, si mwanafunzi na Sh500 ya M-Pesa.

Kisha wapeleke 1998. Hejifandi ya Marekani inaitwa Long-Term Capital Management ilikuwa na Myron Scholes na Robert Merton, washindi wa Nobel wa mwaka uliotangulia, na ilikuwa imekopa kama dola 25 kwa kila dola 1 yake. Agosti Urusi ikashindwa kulipa deni lake, wawekezaji kila mahali wakakimbia, na kufika Septemba benki 14 ziliweka dola bilioni 3.6 kuiokoa. Hii wasome polepole sana, deni ndilo liliwamaliza na akili walikuwa nazo.

Kitu kimoja nakuomba kabisa: usifanye shindano la kununua hisa na pesa hewa kwa muhula mmoja, hapo anashinda mwenye kurusha zote mahali pamoja na wengine wanaiga. Badala yake kila Ijumaa waandike bei ya dola, riba ya trejari bili (mkopo wa muda mfupi wa serikali) na bei ya hisa moja ya NSE, soko la hisa la Nairobi, na maksi upeane kwa yule anaeleza vizuri zaidi kwa nini imeshuka. Na mtu yeyote akikuja shuleni kuwaahidi faida ya uhakika, kabla hajaongea angalia kama jina la kampuni yake liko kwa orodha ya waliopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, kama haliko asiingie darasani.