Ahadi mbili kwenye karatasi moja

Juzi faili la kijana wetu mpya wa dawati la fedha za kigeni, hapa kwenye benki yetu ya Kiislamu, limepita mezani kwangu. Ndani mna ahadi ya mteja kununua dola na ahadi ya benki kuziuza: bei moja, tarehe moja, sahihi mbili chini. Wadogo zangu, karatasi hiyo naijua. Niliiandika mimi, Januari 2024.

1. Murabaha, yaani kumuuzia mteja mali kwa gharama yake na faida iliyotajwa: mali iwe ya benki kwanza, ndipo mteja auziwe. Mnalijua, lifuateni.

2. Kupimia faida kwa kiwango cha riba cha Benki Kuu hakuna ubaya. Ila bei ya murabaha ikishatajwa imetajwa. Kiwango kikipanda kesho, huongezi hata senti. Mkataba wa miaka mingi ufikirieni kwa ijara, yaani kukodisha mali, ambayo kodi yake hupitiwa kila kipindi.

3. Sasa ahadi. Dola ilikuwa imevuka shilingi 160, Nairobi nzima inasema itafika 200. Mteja wangu, mwagizaji wa vipuri kutoka Dubai, alidaiwa dola 50,000 za kulipa Aprili. Alikuwa hapati usingizi, nami nilimhurumia kwelikweli. Nikamwandikia: yeye anaahidi kununua kwa 165, sisi tunaahidi kuuza kwa 165, wote tumefungwa. Siku hiyohiyo nikanunua dola zile kwa 161 tuziweke. Mashekhe wa Kamati ya Sharia, wanaopitisha mikataba yetu, nitawapelekea baadaye, nilijiambia, maana mteja ana haraka.

Februari serikali ikapata Eurobond mpya, mkopo wa dola kutoka soko la nje, shilingi ikaanza kupanda. Faili likafika kwa Kamati Machi. Shekhe mkubwa alilisoma kimya, akapiga mstari wa penseli chini ya sahihi ya mteja, kisha chini ya yetu. “Mwanangu, hawa wamefungana. Hii si ahadi tena, hii ni bai, mauzo ya sarafu, na sarafu ni mkono kwa mkono.” Karatasi ikabatilishwa palepale. Aprili mteja akanunua dola zake sokoni kwa 131, na haki alikuwa nayo. Sisi tukabaki na dola 50,000 za 161: hasara ya shilingi milioni moja na nusu. Nilisimama mbele ya meneja wangu nikaieleza tarakimu kwa tarakimu, na mpaka leo nikiona namba 161 moyo unashtuka.

Ahadi ya upande mmoja ingepita. Mteja peke yake aahidi, imfunge yeye, benki ibaki huru. Siku ikifika, bai ifanyike upya na kila mmoja apokee chake hapohapo. Hata viwango vya AAOIFI, shirika la kimataifa linaloweka kanuni za fedha za Kiislamu, vinaruhusu hivyo. Tofauti nzima ilikuwa sahihi moja, yangu.

4. Faini ya kuchelewesha malipo huenda kwenye sadaka, haiingii kwenye mapato. Basi.

Na wewe mwenye faili: dola hujanunua bado, alhamdulillahi. Njoo nalo kesho kabla ya saa nne, tuiondoe ahadi ya benki, kisha tupande nalo wote wawili kwa mashekhe.