Jibu: Kwa nini matembezi nasibu hayarudi kwenye kundi huru
Mkuu, umeuliza kwa nini matembezi nasibu (kila hatua huchaguliwa kwa bahati) kwenye Z² (gridi ya nukta zenye viwianishi vya namba kamili) hurudi mwanzoni lakini kwenye kundi huru la a na b (maneno ya herufi a, b na vinyume vyake a⁻¹, b⁻¹, ambapo herufi iliyo kando ya kinyume chake hufutana nacho) hupotea, ilhali yote yana chaguo nne kwa kila hatua. Chukua neno aba: hatua tatu (kuongeza a, b au b⁻¹ mwishoni) hulirefusha, a⁻¹ pekee hulifupisha. Basi urefu hukua kwa wastani wa 3/4 − 1/4 = 1/2 kila hatua, na uwezekano wa kurudi hata mara moja ni 1/3 tu.

Kwenye Z², uwezekano wa kuwa mwanzoni baada ya hatua 2n hukaribia 1/(πn). Jumla yake haina kikomo, ndiyo maana lazima urudi (Pólya, 1921). Kwenye kundi huru uwezekano huo hauzidi (3/4)ⁿ, hivyo jumla yake ina kikomo.

Ukiiga kwa kompyuta, futa aa⁻¹ papo hapo, la sivyo utapata kasi (ukuaji wa urefu kwa kila hatua) ya 1 badala ya 1/2.