Nyota nane pekee hazitoshi kumwita Stardust Dragon

Umeuliza kama kwenye mchezo wa kadi wa Yu-Gi-Oh! mazimwi wowote wawili wa nyota 4 wanatosha kumwita Stardust Dragon, zimwi la nyota 8. Hapana ndugu, hawakupi Stardust Dragon kwa sababu tu 4 na 4 ni 8. Yeye huja kwa mwito wa Sinkro, yaani kujumlisha nyota za mazimwi wako ili kumtoa mwenye jumla hiyo, na mwito huo unadai mmoja wao awe Tyuna (aina maalumu ya zimwi la kuanzishia Sinkro) na mwenzake asiwe. Soma mstari wa aina ya zimwi, ule wa kwanza kwenye kisanduku cha maelezo. Imeandikwa pale pale. Wote wawe uwanjani, uso juu, ndipo uwapeleke makaburini, kwenye rundo la kadi zilizotumika.

Jaribu Junk Synchron, Tyuna wa nyota 3. Ukimwita kwa mwito wa kawaida anafufua zimwi la nyota 2 au chini ya hapo kutoka makaburi yako, likae kwa ulinzi bila uwezo wake. Likiwa la nyota 2, jumla ni 5: papo hapo unamtoa Junk Warrior kwenye deki ya ziada (rundo la pembeni la mazimwi kama hawa wa Sinkro), mashambulizi 2300, na mkononi umetumia kadi moja tu. Hiyo ndiyo raha ya Sinkro!

Mazimwi wa Xyz, aina nyingine ya kadi za deki ya ziada, usiwahesabu kabisa. Nyota zao za kushoto ni za daraja, hazijumlishwi.