Kwa mnaoanza kusoma fasihi na historia: chungeni maswali msiyouliza

Mwanafunzi mpya akiambiwa ajihadhari na dhana za kijinsia, hukimbilia kusaka maneno ya dharau kwa wanawake ndani ya matini. Hayo huonekana haraka. Katika miaka yangu ya kufundisha na kusahihisha insha, nimeona kwamba dhana zinazopotosha zaidi hazijaandikwa popote. Zimejificha katika maswali ambayo msomaji hakuona haja ya kuyauliza.

Mwaka 1878, mwanaakiolojia Hjalmar Stolpe alichimba kaburi la zama za Waviking, mabaharia na wapiganaji wa kale wa Ulaya ya Kaskazini, huko Birka, Uswidi. Ndani yake mlikuwa na upanga, shoka, mikuki, mishale, ngao, kete za mchezo na mifupa ya farasi wawili. Kwa zaidi ya miaka 100 kaburi hilo lilitajwa kuwa la mpiganaji mwanamume, kwa kuwa silaha zilionekana kutosha kuwa ushahidi. Mwaka 2017 zikachapishwa matokeo ya DNA: aliyezikwa alikuwa mwanamke.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitafakari. Baadhi ya wasomi wakaanza kuhoji: je, silaha zilikuwa zake kweli, au zilikuwa alama ya hadhi tu? Je, mifupa haikuchanganywa na ya kaburi jingine? Maswali hayo ni halali kabisa, na kila mwanahistoria anapaswa kuyauliza. Lakini yalikuwa halali vilevile wakati marehemu alipodhaniwa kuwa mwanamume, na wakati huo hayakumsumbua karibu mtu yeyote. Wala msirukie upande wa pili. Kaburi moja halithibitishi kuwapo kwa majeshi ya wanawake, na DNA haituelezi jamii yake ilimchukuliaje.

Kwenye fasihi mambo ni yale yale. Mwaka 1975 Robert Silverberg, mwandishi wa hadithi za kisayansi, akiandika utangulizi wa hadithi za mwandishi mwenzake James Tiptree Jr., alisema anaona uanaume usiofichika katika uandishi wake. Haikupita miaka mitatu ikajulikana kwamba Tiptree ni jina la kalamu la mwanamke, Alice Sheldon. Sentensi zake zilibaki zile zile. Kwa hiyo mnapoandika kwamba shairi lina “sauti ya kike”, nionyesheni mstari unaowafanya mseme hivyo. Mkikosa mstari, futeni dai.

Zoezi ninalowapa wanafunzi ni hili: geuza jinsia ya mhusika, kisha usome upya ulichoandika juu yake. Mhusika wa kike akinyamaza, insha nyingi humwita mtiifu. Wa kiume akinyamaza, anaitwa mwenye busara. Tukio ni lile lile, na matini haijasema lolote kati ya hayo mawili. Zoezi hili linachosha, najua, lakini sijapata lililo bora.

Kwenye nyaraka, kuweni waangalifu zaidi na nafasi zilizoachwa wazi. Katika sensa za Uingereza za karne ya 19, kazi ya mke katika shamba au duka la familia mara nyingi haikuandikwa. Ukihesabu safu ya kazi kama ilivyo, utahitimisha kwamba wanawake wengi hawakufanya chochote. Kabla ya kuandika hivyo, tafuta hesabu za maduka, wosia na ushahidi uliotolewa mahakamani, maana humo ndimo wanamotajwa wakiuza, wakikopesha na wakisimamia vibarua.