Uliza Ujibiwe: Klauni wametaga, chakula cha watoto kiko wapi?

Toleo hili tumetenga ukurasa kwa wafugaji wa samaki klauni, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe. Barua zimefupishwa.

Nimenunua klauni wawili wakubwa, kila mmoja karibu sentimita 8, ili niwazalishe. Wanapigana mchana kutwa na mmoja mapezi yamechanika. Je, nimepata madume wawili? (S.M., Mombasa)

Yaelekea una majike wawili. Hakuna klauni anayeanza maisha akiwa jike. Katika kundi, aliye mkubwa kuliko wote ndiye hugeuka jike, anayemfuata huwa dume, na waliobaki hukaa wadogo bila kukomaa. Akishakuwa jike harudi nyuma, kwa hiyo majike wawili katika tangi moja hupigana mpaka mmoja afe. Watenganishe leo, usingoje wazoeane.

Chagua mmoja wa kubaki naye, kisha mtafutie klauni mchanga wa sentimita 3 au 4. Mtie huyo mdogo kwenye kikopo cha plastiki chenye matundu, kining'inie ndani ya tangi siku kadhaa ili waonane bila kugusana. Ukimfungulia, mwangalie mdogo: akilala ubavu mbele ya mkubwa na kutetemeka mwili mzima, amekubali cheo chake na ndoa imefungwa. Kufukuzwa kidogo ni kawaida. Akijibanza kona ya juu, hali chakula na mapezi yanapungua, mtoe. Tangi la lita 75 hadi 100 linawatosha.

Ukianza upya, nunua wachanga wawili wasiolingana ukubwa na uwe na subira. Huenda ukangoja mwaka au zaidi kabla ya yai la kwanza. Nunua waliozalishwa kwenye matangi. Waliovuliwa miambani mara nyingi huja na vimelea vya Brooklynella, mwili unatoa ute mweupe na wanakufa ndani ya siku chache. Wala usichanganye spishi. Amphiprion allardi na Amphiprion akallopisos wa pwani yetu, ukiwaweka na klauni ocellaris wa dukani katika tangi dogo, ni vita tu.

Wangu wanataga kwenye kioo cha nyuma, lakini siku ya pili au ya tatu mayai hayapo. (Msomaji, Dar es Salaam)

Dume ameyala. Dume mgeni wa kazi hufanya hivyo kwa mataga kadhaa ya mwanzo, hasa mayai yasiporutubishwa vizuri. Yale yanayogeuka meupe huyaondoa mwenyewe. Watu wengi hukimbilia kubadilisha dume, na hilo ndilo kosa. Mwache. Jozi yenye afya hutaga tena baada ya wiki mbili hivi, na kila mara anajifunza.

Unachoweza kurekebisha ni njaa na fujo. Walishe mara mbili au tatu kwa siku, chakula kiwe na kamba mbichi waliokatwakatwa, ngisi na mayai ya samaki, si chembe kavu pekee. Taa iwake kwa muda wa saa 12 hadi 14 kila siku, joto liwe nyuzi 27 au 28, na samaki wengine watolewe. Egemeza kigae cha sakafuni penye mahali wanaposafisha, wakihamia hapo utaweza kuyabeba mayai siku ikifika.

Mayai mazima huanza na rangi ya chungwa, yanakuwa ya kahawia, mwisho unaona macho yanang'aa kama fedha. Kwa joto hilo huanguliwa kati ya siku ya 6 na ya 10, saa moja au mbili baada ya taa kuzimwa.

Vifaranga wanaanguliwa mamia, ila kufikia siku ya nne wamekwisha. Nawapa kiini cha yai la kuku lililochemshwa, pamoja na artemia (vijikamba vidogo vya maji ya chumvi). (A.K., Muscat)

Wamekufa kwa njaa huku chakula kikielea mbele yao. Kifaranga wa klauni anatoka na urefu wa milimita 3 au 4, na mdomo wake haumwingizi artemia hata yule aliyeanguliwa leo. Kiini cha yai hakichezi majini, kwa hiyo kifaranga hakioni kama windo; kinazama, kinaoza na kupandisha amonia. Anahitaji rotifa, mdudu wa majini asiyezidi robo ya milimita. Tunalisema kila mara: ndoo ya rotifa itangulie kigae cha mayai, angalau kwa mwezi.

Ndoo ya lita 20, maji ya chumvi ya uzito wa 1.015 hadi 1.020, hewa ya mapovu makubwa polepole, na mwani wa Nannochloropsis mpaka maji yawe ya kijani hafifu. Maji yakikaribia kuwa meupe, ongeza mwani. Kila siku vuna robo, chuja kwa kitambaa cha mikroni 50, kisha rudishia maji mapya. Hamira hukuza rotifa pia, lakini huchafua maji na rotifa wake hawana mafuta yanayomjenga kifaranga. Weka ndoo mbili, maana moja siku yoyote hufa usiku mmoja: povu jingi, harufu mbaya, hakuna kinachotembea.

Jioni ya kuanguliwa, hamishia kigae kwenye tangi la lita 40 lenye lita 20 za maji ya wazazi, joto lilelile. Mayai yasikae hewani zaidi ya sekunde chache. Weka jiwe la hewa chini yake, mapovu yapite karibu na mayai yakiyatikisa kama dume anavyoyapepea, kisha giza totoro. Asubuhi punguza hewa mpaka povu moja moja.

Funika kuta kwa karatasi nyeusi, taa iwe hafifu, tia mwani hadi sakafu ionekane kwa shida. Rotifa wawe 10 kwa kila mililita. Kuhesabu: vuta mililita 1 kwa bomba la sindano, mulika kwa tochi, hesabu vinukta vinavyotembea. Lita 20 zinataka rotifa 200,000. Ndoo yenye 100 kwa mililita, hizo ni lita 2. Hesabu asubuhi na jioni, jazia palipopungua.

Chujio usiwashe, litawanyonya. Nyonya uchafu wa sakafuni kila siku kwa mpira mwembamba wa hewa, rudisha maji ya wazazi tone kwa tone. Siku ya 6 au 7 anza artemia walioanguliwa muda huohuo, ukiendelea na rotifa siku mbili tatu ili wadogo wasibaki nyuma. Maganda ya artemia yasiingie, huziba utumbo.

Kati ya siku ya 8 na 15 wanashuka chini na mstari wa kichwani unatokea. Ukiona wanakufa ghafla wakati huu kwa kuwashiwa taa tu, lishe ilikuwa hafifu. Rotifa na artemia wa mzao ujao walishwe mwani mzuri kabla ya kuwapa. Wakishapata mistari, weka chujio la sponji lililokaa wiki kadhaa kwenye tangi la wazazi.

Bila anemoni, yule mnyama wa baharini mwenye minyiri ambamo klauni hukaa, watataga? (Msomaji, Tanga)

Watataga. Chungu cha udongo kilicholazwa ubavu kinatosha. Anemoni inataka taa kali na tangi lililokomaa, na ikitangatanga ikanaswa na pampu, huua tangi zima. Umeme wako ukikatika mara kwa mara, fedha hiyo nunulia pampu ya hewa ya betri.

Baadhi ya watoto wana mstari wa kati uliokatika. Ni ugonjwa? (J.N., Nairobi)

Si ugonjwa. Huhusishwa na lishe na msongamano wa siku zile za kupata mistari, ingawa hata mzao mzuri huwa nao wachache. Wanakua na kuzaa kama wengine. Wauze kwa bei ya chini na umwonyeshe mnunuzi kabla hajalipa.