Maswali ya Wasomaji: Umbea wa Maycomb na kesi ya Tom Robinson

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nimemaliza kusoma To Kill a Mockingbird ya Harper Lee na kuna kitu kinanisumbua. Nusu ya kwanza ni watoto wanamchungulia jirani yao Boo Radley anayejifungia ndani miaka yote, nusu ya pili ni kesi ya Tom Robinson, mtu mweusi anayesingiziwa kumbaka binti wa kizungu. Mbona ni kama riwaya mbili zimeshonwa pamoja? Na Miss Stephanie Crawford, yule mama mmbea, kawekwa atuchekeshe tu? Rafiki yangu anasema wahenga hawakukosea, lisemwalo lipo kama halipo laja, kwa hiyo Boo lazima ana lake. (Mwanafunzi wa fasihi)

JIBU: Ndugu yangu, rafiki yako angekuwa mkazi wa Maycomb, mji wa riwaya hii, angekaa vizuri kabisa kwenye juri, lile kundi la raia wanaoamua kama mshtakiwa ana hatia, na sisemi hivyo kumtukana, nasema kwa sababu ndo kiini chenyewe cha kitabu. Hiyo ni riwaya moja. Harper Lee anatumia sura nyingi za mwanzo kutuonyesha jinsi mji huu unavyoamini mambo, na ukishajua unavyoamini, hukumu ya Tom unaiona inakuja toka mbali.

Hebu angalia Boo anasemwaje. Anakula kindi wabichi na paka, usiku anatoka anachungulia madirishani, maua yakiungua na baridi basi ni yeye kayapulizia pumzi yake. Kuna kipindi kuku na wanyama wa watu walikutwa wamekatwakatwa, aliyefanya akajulikana, alikuwa mtu mwingine kabisa na akaishia kujizamisha mtoni, lakini watu wakaendelea kuitazama nyumba ya Radley kwa jicho lile lile. Hapo ndo pa kusimama usome mara mbili. Ushahidi umekuja, mhusika kajulikana, na uvumi haujaondoka hata hatua moja. Sasa chukua watu hao hao, wavalishe suti uwaweke mahakamani.

Mahakamani Atticus Finch, wakili wa Tom na baba wa wale watoto, Scout na Jem, anaonyesha kwamba Mayella, binti anayemsingizia Tom, alipigwa zaidi upande wa kulia wa uso, kama mtu apigwavyo na mkono wa kushoto, kwamba baba yake Bob Ewell anaandika kwa mkono wa kushoto, na kwamba Tom mkono wake wa kushoto umekufa tangu akiwa mtoto, ulinaswa kwenye mashine ya kuchambua pamba, hata kwenye Biblia wakati wa kiapo hautulii unateleza. Daktari hakuitwa kumpima binti. Yaani mtu akitaka ukweli anauona kwa macho. Juri wakakaa masaa, wakarudi na neno lile lile walilokuwa nalo kabla kesi haijaanza, ana hatia.

Na Miss Stephanie hapana, hajawekwa kuchekesha. Jem habari zake nyingi za Boo kazipata kwake. Ni yeye anayedai aliamka usiku akamkuta Boo dirishani anamwangalia, na jirani yao Miss Maudie akamkata kauli kwa kumuuliza kama alisogea kitandani ampishe nafasi. Siku ya kesi anavaa kofia anasema anaenda dukani tu. Huyu mama hajamuua mtu, lakini mdomo wake unawafundisha watoto wa mtaa kuogopa mtu ambaye hawajawahi kumwona, na mtoto akishajifunza kuogopa kwa kusikia, kuchukia kwa kusikia ni hatua fupi sana.

Ila kuna tofauti moja ambayo mimi inaniuma kila nikirudia kitabu hiki. Mwishoni Boo anamuua Bob Ewell ili kuwaokoa Scout na Jem, na sherifu Heck Tate anaamua kwamba Ewell kaangukia kisu chake mwenyewe, basi, imeisha, hataki huyu mtu mwenye haya aanikwe mbele ya mji. Ni uamuzi wa huruma na naukubali. Lakini sherifu ni yule yule aliyemkamata Tom kwa neno la Ewell. Kumbe sheria ya Maycomb inaweza kulegea ikitaka, inaweza kumfunika mtu asiumizwe na maneno ya watu, mradi mtu huyo awe mzungu. Tom alipojaribu kutoroka gerezani walimpiga risasi 17, na mji ukaongelea kifo chake kama siku mbili hivi, wakisema ndivyo walivyo watu weusi, hawafikirii mbele. Hata maiti yake haikuachwa bila kusemwa.

SWALI: Hii hadithi ilitokea kweli? (Msomaji)

JIBU: Maycomb ni mji wa kubuni, ingawa unafanana sana na Monroeville, Alabama, alikozaliwa Harper Lee mwaka 1926, na baba yake alikuwa mwanasheria. Wasomaji wengi huifananisha kesi ya Tom na ile ya Scottsboro, Alabama hiyo hiyo, mwaka 1931. Vijana 9 weusi walishushwa kwenye treni, wasichana wawili wazungu wakasema wamebakwa, na ndani ya wiki chache 8 kati yao wakahukumiwa kifo. Mwaka 1933 mmoja wa wale wasichana, Ruby Bates, alisimama mahakamani akasema ulikuwa uongo, na juri bado wakamtia hatiani Haywood Patterson, mmoja wa vijana wale. Jaji James Horton akaitengua hukumu ile, na mwaka uliofuata akashindwa uchaguzi. Msamaha kwa watatu wa mwisho ulikuja 2013, wote wameshakufa. Kwa hiyo mtu akikwambia juri la kwenye riwaya limetiwa chumvi, mpe habari ya Ruby Bates.

SWALI: Mhariri, nafundisha kitabu hiki na mwaka huu wanafunzi wangu wamegoma kumpenda Atticus. Wanasema ni hadithi ya mzungu mwema, watu weusi hawana sauti. Niwajibu nini? (Mwalimu)

JIBU: Mwalimu, usiwajibu haraka, maana wana hoja. Anayesimulia ni Scout, mtoto wa kizungu, na mambo ya watu weusi tunayaona pale tu anapopitishwa na watu wazima. Calpurnia, mpishi wao mweusi, tunamjua jikoni kwa akina Finch, kwake hatufiki. Atticus mwenyewe anaifanya kazi yake kwa moyo lakini anaamini mno kwamba watu wa mtaani kwake kimsingi ni wazuri, na wazuri hao ndo waliomtia Tom hatiani. Mimi namheshimu Atticus, ila sidhani kumpenda kuwe sharti la kukielewa kitabu.

Ningekuwa wewe ningewapa kazi ya kumfuatilia Helen, mke wa Tom, kwa sababu wengi wanampita. Kesi haijasikilizwa na tayari hapati kibarua, watu hawataki kuhusishwa na familia hiyo, neno la Ewell limeshamfukuza kazi ambazo hata hajaziomba. Kanisani kwa Calpurnia, Mchungaji Sykes anafunga milango mpaka waumini maskini wafikishe dola 10 za kumsaidia. Hiyo ni sauti mwalimu, watu wanaomjua Tom wanatoa senti zao wakati mji unatoa maneno. Baadaye Link Deas, aliyekuwa akimwajiri Tom, anampa Helen kazi, ila anatembea karibu maili nzima zaidi ili asipite kwa akina Ewell wanaomrushia vitu. Link Deas anaenda kumkanya Ewell, na kukicha Ewell anamfuata Helen nyuma njia nzima akimnong'onezea matusi. Waulize wanafunzi nani mjini alijua, nani alinyamaza, na Helen alifikisha malalamiko kwa nani. Waambie watafute mistari yenyewe, wasijibu kwa kukumbuka sinema. Na wakishamaliza waruhusu kuendelea kutompenda Atticus kama bado hawampendi.