Miaka miwili gereji, hana hata karatasi

SWALI: Shikamoo mama. Ninalea mtoto wa marehemu kaka yangu. Alipofika miaka 15 nilimpeleka kwa fundi hapa Unga Limited, Arusha, gereji ya kurefusha Land Cruiser za watalii, nikalipa 300,000 ya kujifunza. Sasa ana 17, anachomelea bodi peke yake na vijana wapya anawaelekeza yeye. Hela anayopewa ni ya chakula tu. Barakoa ya kuchomelea ni moja kwa gereji nzima. Usiku macho yanamwasha, namwekea vipande vya viazi. Nimeomba barua kwamba amehitimu, fundi anasema, "Huyu ni mwanafunzi, si mwajiriwa." Sheria inasemaje?
Shangazi, Unga Limited

JIBU: Marahaba, na pole kwa kuondokewa na kaka. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwenye viazi nilinyamaza kidogo.

Sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawagusa watoto wanaojifunza ufundi kwa mafundi wa mtaani. Mtoto anaanza akiwa na miaka 14 au akishamaliza shule ya msingi, na mzazi au mlezi anafanya makubaliano na fundi. Fundi anatakiwa kumfundisha kwa uwezo wake wote, kumpa chakula kama hamkukubaliana vingine, kumwekea mahali salama pa kazi, na kuwajibika kwa madhara yatakayompata akijifunza. Macho ya huyo kijana yako chini ya dhamana ya fundi. Mafunzo yakiisha, fundi anatakiwa atoe cheti cha kumwachia, kinachoonyesha kwamba amemaliza kujifunza. Hiyo barua ni haki yenu, usiiombe kama msaada.

Mimi nilijifunza kushona Mbuyuni, Moshi. Mwaka wa tatu sare za shule nzima zilipita mikononi mwangu, mifuko, pindo, vifungo, na kila nikiuliza malipo naambiwa bado mwanafunzi. Nilitoka pale na futi kamba shingoni na mkasi niliojinunulia. Duka la kwanza nililoomba kazi wakataka niwaonyeshe nilikojifunza. Sikuwa na cha kuwaonyesha, nikaanza upya kupiga pasi nguo za wenzangu.

Sasa hilo neno la "si mwajiriwa". Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 inasema anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, likiwepo hata jambo moja kati ya kadhaa: anapangiwa saa, anatumia vifaa vya mwenye kazi, au amefanya kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu. Kijana anayeingia saa mbili asubuhi na kutoka saa kumi na mbili jioni, siku sita, saa hizo anazimaliza wiki ya kwanza tu.

Kinachoniuma ni kwamba haya yote shangazi wa Unga Limited ayatafute kwenye sheria mbili tatu tofauti. Mwongozo wa uanagenzi, yaani kujifunza ufundi kazini, ulitolewa mwaka 2017, lakini mwongozo haumbani fundi kama sheria. Sheria hizo zirekebishwe: mkataba utaje siku ya kumaliza, na posho ipande kadiri mkono unavyokomaa. Umri nao uangaliwe. Sera ya elimu sasa inataka elimu ya lazima ya miaka 10. Anayeanza darasa la kwanza na miaka 6 anamaliza na 16, na sheria bado inasema 14.

Wewe nenda kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ubebe chochote kinachoonyesha zile 300,000, hata ujumbe wa simu. Kama bado hajalipwa, mlango ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoshughulikia migogoro ya kazi. Cheti fundi akikibania, ulizia VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kuhusu urasimishaji wa ujuzi: wanampima aliyejifunzia kazini na akifaulu wanampa cheti.

Lakini leo hii mwambie asishike mashine bila barakoa, na kesho asubuhi mpeleke hospitali akapimwe macho.